Mama Bado Amekasirika

Kwa Dada yangu mpendwa Meng Ruizhen,

Pokea salamu za mdogo wako aliye mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kila baridi kimekuonea huruma mwaka huu. Sisi huku Shaanxi tunapumua. Nikisema zaidi ya hapo nitakudanganya, na nimechoka kudanganya.

Mvua haijanyesha tangu mwaka juzi. Watu wamebandua magome ya miti yote ya barabara ya sokoni, wanayasaga unga. Kila asubuhi wanajaa mbele ya lango letu, na kwa kuwa mume wangu ndiye hakimu, mtawala anayehesabiwa baba na mama wa wilaya, wanampigia kelele: “Baba, leo wanao tunakula nini? Au umeshiba peke yako?” Wenzhao hutoka, huwainamia, kisha hurudi ndani uso umemshuka. Ghala la serikali liko nyuma ya nyumba yetu, lakini hakimu halifungui bila ruhusa ya gavana. Alikuwa ameshaiomba, nasi tukawa tunangoja.

Katika kungoja huko mama mkwe akaugua. Unaukumbuka ulimi wake. Hata akiwa hoi kitandani alionja uji wangu wa mtama akaniuliza, “Wewe binti wa Meng, huu ni uji au ni maji uliyofulia nguo?” Nilicheka, naye akacheka, tukaishia kulia wote wawili. Akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Alijua kwamba mzazi akikata roho, mwana mwenye cheo huvua kofia yake ya uhakimu papo hapo, hukabidhi mhuri na kurudi kwao kuomboleza hadi mwaka wa tatu. Alijua pia kwamba hakimu mwingine angechukua miezi kufika, na ghala lingebaki na kufuli lake huku watu wakifa. Kwa hiyo alinishika mkono akaniagiza nimwambie mwanawe kwamba amemkasirikia, hataki kuuona uso wake mpaka watu wake wapate kula.

Wenzhao alitii. Lini amewahi kumbishia mama yake? Kila asubuhi amekuwa akipiga magoti nje ya chumba, anamwamkia, anauliza kama amelala vyema. Mimi humjibu kutoka ndani kwamba Mama hajambo, ila bado amekasirika.

Hatimaye ruhusa ikaja. Ungewaona watu, Dada! Walikuja na vikapu, sufuria, hata kofia za majani. Makarani wakaanza kupima nafaka, na wale wa mbele wakapata. Kisha majembe yakagonga mchanga. Chini ya nafaka ile ya juu kulikuwa na mchanga na makapi, kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanamke mmoja alichota makapi yale kwenye kikapu chake hivyo hivyo, akaondoka nayo.

Utauliza mume wangu alipokeaje ghala bila kulichimba. Hata mimi nilimuuliza, tena kwa ukali. Alinijibu kwamba hakimu aliyemtangulia, Mzee Tao, alifaulu mtihani wa serikali mwaka mmoja na mwalimu wa Wenzhao, kwa hiyo alipaswa kumheshimu kama mwalimu huyo. Mzee huyo alimkaribisha kwa chai, akamwonyesha nafaka mlangoni, akamwita “mwanangu”. Kuomba jembe mbele ya mtu kama huyo ingekuwa kumwita mwizi. Basi akainama, akapokea funguo. Sasa mchanga ule utahesabiwa kuwa wizi wa Wenzhao, na mkaguzi wa gavana yuko njiani.

Dada, keti kwanza. Mama mkwe alifariki kabla ruhusa haijafika. Mimi na Mama Fu, mtumishi wake tangu ujana, tulimwosha, tukamlaza katika jeneza lake alilojiandalia zamani, tukaliziba kwa utomvu wa mti ili harufu isitoke. Hatukupiga ukunga wala kuvaa nguo nyeupe za maombolezo. Nilifikiri watu watakula kwanza, na dhambi nitaibeba mwenyewe. Wengi hawakula, na dhambi haikubaki kwangu peke yangu.

Jana Wenzhao alitoka ghalani, akapiga magoti palepale nje ya chumba cha mama yake na kumweleza yote, akilia kama mtoto mdogo. Alisema watamvua kofia, watampeleka uhamishoni, na watu wa wilaya hii watalilaani jina lake. Akasema hata hivyo kuna kitu kimoja hawataweza kumnyang'anya: hakuna atakayesema kwamba hakuwa mwana mwema. Kisha akangoja jibu. Nami nikamjibu, Dada, kwamba Mama hajambo.

Leo nitamweleza. Namjua: hataficha hata saa moja, atakwenda kujishtaki mwenyewe kwamba alikaa kwenye kiti cha hakimu, amevaa hariri, mama yake akiwa amekufa. Nani atamwamini kwamba hakujua?

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Usije huku wala usitume mtu, adhabu yetu isije ikakugusa. Ukiulizwa, sema una mdogo wako aliyeolewa mbali na hujapata habari zake kwa muda mrefu. Ubaki na afya njema.

Ni mimi mdogo wako,
Meng Shuyi