Nyumba Nje ya Tuta

Cuxhaven, 3 Oktoba

Wiebke binti yangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Unanialika nikalale kwako, gatini pale pale nilipopakua kahawa miaka thelathini. Nje ya tuta la kuzuia mafuriko! Mwaka wa sitini na mbili maji yalimchukua mama yangu, ingawa nyumba yetu ilikuwa ndani ya tuta. Siji.

Baba yako, Detlev

Hamburg, 9 Oktoba

Shikamoo baba,

Pole na goti. Mbishi wewe! Nyumba zetu zimeinuliwa. Maji hufika kwenye maduka ya chini tu, na huko kuna milango ya chuma. Sisi wakazi ndio tunaoifunga, na mwaka huu mkuu wa zamu ni mimi. Jirani yangu Brodersen, mwanasheria, akaguna: "Daktari wa meno kama wewe atuamuru sisi?" Nikamwambia, "Sukuma mlango, bwana. Maneno kayasemee mahakamani." Mazoezi ni Jumamosi tarehe 28. Njoo uone.

Binti yako, Wiebke

Hamburg, 4 Novemba

Baba,

U mzima? Kimya chako kinanitia wasiwasi. Mazoezi yalikwenda vizuri: milango sita, dakika kumi na tisa, mvua inatupiga usoni. Mzee mmoja aliyejifunika kofia ya koti alisimama katikati ya reli ya mlango kama kigingi. Nikamfokea, "We mzee, toka hapo, au nikufungie nje na samaki!" Akatoka mbio. Niliona aibu baadaye.

Wiebke

Cuxhaven, 20 Novemba

Wiebke binti yangu,

Natumaini umepumzika. Mimi na goti tunaendelea.

Mzee yule ni mimi. Nilikuja kutafuta kasoro. Nilipitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia maji, mlango wa kwanza hadi wa tano, sikuipata. Kwenye wa sita wewe ukanifukuza.

Dhoruba ya juzi ilipiga huku kwanza. Nilijua maji yatafika kwako baada ya muda wa saa tatu na nusu. Nilikaa mbele ya simu, sikukupigia. Mkuu wa zamu hapigiwi simu akiwa kazini. Uliponitumia ujumbe, "Pakavu", nilikwenda baa na kuwasomea wote. Mmoja akauliza, "Nani huyo?" Nikasema, "Binti yangu. Hata mimi alinitoa mbio."

Nakuja Ijumaa, siku nne. Utabiri unasema upepo wa kaskazini-magharibi, ule unaosukuma maji huko kwenu. Nipange kwenye zamu.

Baba yako, Detlev