Alama ya buti

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua.

Na mpaka sasa vidole vya miguu havijapata joto. Ni wiki ya tatu naingia peku kwenye mpunga wa Buterere kutega bata wa mwitu, kwa sababu Spesi, mke wangu, amenificha buti zangu za mpira. Alisema, "Waasi ndio wanavaa buti. Wewe mutu gani usiyeogopa?" Nimemnunia tangu siku ile. Maji ya alfajiri yanauma mpaka kwenye mfupa.

Leo nimepata bata mmoja. Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha Mutakura, wanajeshi walikuwa wanatupandisha suruali. Walitafuta ule mviringo ambao buti huacha kwenye muundi. Miguu yangu ilikuwa imekunjamana kwa maji, haina alama.

"Pita, muzee."

Aliyenitangulia, mkulima wa Carama, alikuwa na alama. Walimkalisha kando ya barabara. Sikugeuka.

Spesi ameniletea beseni la maji ya moto yenye chumvi. Ameuliza kama bado nazitaka buti. Nimesema apana, basi.

Yule mkulima, miguu yake ilikuwa mikavu; buti zake hakuna aliyezificha.