Maji ya Kiunoni

Jumatatu, 13 Januari

Makala imekwama aya ya tatu. Mhariri anataka neno "wazembe" liondoke. Haliondoki. Nimempigia, tumegombana, limebaki. Chai imepoa.

Seif kapita alasiri kuniachia samaki. Akachungulia nilichoandika. "Dada, leo anachinjwa nani?" Nikamwambia watu wa idara ya maji. Akacheka. Mdogo wangu huyu hunisoma kama wenzake wanavyotazama mpira. Kaenda kuogelea, kama kila siku akifunga duka. Joto kali. Samaki bado sijawapara.

Jumanne, 14 Januari

Seif amekufa. Jana jioni, baharini. Maji ya kiunoni, bahari shwari. Walioona wanasema aliogelea, akasimama, akaanguka kifudifudi. Walimtoa upesi. Mtu aliyejua kuogelea kabla ya kusoma.

Nilitaka achunguzwe tujue kilichomuua. Kaka Hamed, mkubwa wetu, akasema, "Hapa si gazetini." Akasema maiti huumia. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo refu. Wakamzika kabla ya adhuhuri. Wanawake hatuendi makaburini. Nilibaki nyumbani kwake nikimenya vitunguu saumu. Sikulia. Mikono inanuka mpaka sasa.

Alhamisi, 16 Januari

Hitima. Wali, nyama, watu wengi. Jamvini lilizunguka neno moja: chunusi. Jini wa baharini kamvuta miguu. Nimeandika makala kadhaa dhidi ya chunusi, zote kali. Walilisema mbele yangu makusudi, wakinitazama, wakingoja. Nikaomba chumvi.

Shangazi Zuwena, dada wa marehemu baba, kasimulia tena habari ya Raya, bintiye wa pekee. Alizama ufukweni kule Moa akiwa msichana, mahali ambapo wenzake walikuwa wamesimama wakicheza. Hadithi hii naijua tangu utotoni. Niliwahi kuitumia kama mfano wa ujinga wetu. Leo nimemtazama anavyosimulia. Hutazama mikono yake.

Mjane, Maryamu, yumo chumbani, amekaa eda. Binti yao Ilham, wa kidato cha pili, kalala mapajani mwake. Mrefu. Miguu imepita kitanda.

Jumatatu, 20 Januari

Hospitali. Nilikwenda kugomba. Daktari kijana, ana subira ya kuudhi. Nikamwambia wanaume wa kwetu wamezika ushahidi. Akasema huenda hawakuzika ushahidi wowote. Kuna maradhi ya umeme wa moyo. Moyo wenyewe ni mzima, umbo zuri, ila mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na mtu akazimika kama taa. Kwa wengine kinachoyachokoza ni kuogelea, au mbio. Hana hakika kuwa ndiyo yaliyomuua Seif. "Lakini kama ndiyo, mama, hata tungempasua tungeuona moyo mzima."

Kwa hiyo ugomvi wangu wa Jumanne haukuwa na kitu ndani yake. Naliandika hili nilione. Silihisi.

Akasema jibu hutafutwa kwa walio hai, maana maradhi haya hurithiwa. Nani mwingine alifia majini? Raya. Nani huzimia? Ilham, mwaka jana, kwenye mbio za shule. Sisi tulisema njaa. Daktari akaweka kalamu chini. Mleteni upesi. Asiogelee, asikimbie, mpaka apimwe.

Mimi akanipima palepale. Mzima. Nikapita sokoni kununua nyanya.

Jumatano, 22 Januari

Shangazi Zuwena hataki habari ya daktari. Anataka Ilham aoshwe baharini ili chunusi amwachie. Ubani, kuku mweupe, kuzamishwa mara saba. Alipanga Jumamosi.

Nimepigana. Sauti yangu ya zamani ikarudi, na nilifurahi kuisikia. Nikasema ujinga. Nikasema mauaji. Nikasema nitaleta polisi.

"Umesoma mpaka umepitiliza," akanijibu. "Raya wangu hakuoshwa. Huyu ataoshwa."

Hamed akaniambia hii ni nyumba ya msiba. Maryamu yuko nyuma ya pazia. Tangu Seif afe kila kitu huamuliwa na wakubwa. Mwisho wakaiwahisha shughuli. Kesho asubuhi, nisije nikatangulia na polisi wangu.

Hoja zangu zote zilikuwa sahihi. Zimemsogeza mtoto karibu na maji.

Alhamisi, 23 Januari

Nimefika wakifunga kuku miguu. Ilham kavaa kanga mbili. Shangazi akaninyooshea kidole. "Usianze!"

Sikuanza. Niliketi kizingitini, chini ya kiti chake. Nikamwamkia shikamoo. Jana sikumwamkia. Akaitikia kwa mazoea.

Nikasema chunusi yupo. Ulimi haukuungua. Nikasema alimchukua Raya, kamchukua Seif, damu yetu keshaijua. "Mbona leo tunampelekea wa tatu kwa mikono yetu wenyewe?"

Akatazama kikapu cha ubani. Akamtazama Ilham.

"Basi asiguse maji," akasema.

"Asiguse."

"Kabisa."

"Kabisa. Na daktari amwone."

"Atamchoma sindano?"

"Anabandika nyaya tu kifuani."

"Nitakwenda naye mimi. Wewe nikikuachia utagombana na nyaya."

Maryamu akacheka nyuma ya pazia. Mara moja, kisha akajikohoza.

Yote niliyoyaandika miaka hii, nimeyaacha pale kizingitini. Nilingoja kuona aibu. Haikuja. Kuku kafunguliwa, anazunguka uani.

Jumatatu, 27 Januari

Ilham anayo maradhi hayo. Mistari ya moyo wake kwenye karatasi inachelewa mahali isipotakiwa kuchelewa. Vidonge kila siku. Bahari basi, mbio basi. Akauliza kama anaweza kucheza ngoma harusini. Daktari akasema tuanze na vidonge.

Kisha akaomba kumpima na Shangazi. Yake vilevile. Akamweleza taratibu, kwa heshima: umri huo amefika, wengine huishi nayo wasijue, lakini huwapa watoto. Bi Zuwena hakusoma. Alielewa kabla daktari hajamaliza.

Nje, kwenye benchi: "Kumbe Raya nilimpa mimi."

Nilikuwa na majibu. Kurithi si kosa. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe alipewa. Yote ya kweli, na yote ningeweza kuyathibitisha. Nikasema, "Chunusi ndiye aliyemchukua, Shangazi."

Akanishika mkono. Hakuniamini. Hakuuachia mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Februari

Mhariri anauliza makala. Sina.

Nimeshinda kwa Maryamu. Ilham anameza kidonge bila kukumbushwa, anakunja uso. Siku hizi akiingia kuoga, Shangazi huweka kigoda nje ya mlango wa bafu. Leo nimeketi naye. Tunasikiliza kopo. Linachota ndooni, linamwaga. Linachota, linamwaga.

Likanyamaza. Shangazi akagonga.

"Ilham!"

"Najipaka sabuni, Bibi!"

Tukangoja. Kopo likachota tena.