Mngoni Aliyembeba Bibi Yangu

Mjukuu wangu Tumaini, mume wangu wa Ujerumani,

Kamwene. Huku Mahongole baridi imeanza, viazi vimezaa vizuri, na jino la mama yako limeacha kumsumbua.

Umeuliza kama nitachukia ukinikatia bima ya matibabu kabla sijaja huko kukutembelea, maana wazee wengine husema ni uchuro kutaja ugonjwa kabla ya safari. Sikia.

Enzi za Waingereza, nikiwa msichana, nilimsindikiza bibi yangu kutoka Njombe kwenda kumwona mjomba Rodesia ya Kaskazini. Wazee waliotuaga waliuliza jambo moja tu, kama njiani tutakuta Wangoni. Hao ni watani wetu sisi Wabena, na mtani hakuachi ukiugua ugenini.

Tulipofika Makambako kungoja lori, homa ikamwangusha bibi. Nikapaza sauti, "Wangoni mpo?" Akaja mmoja, mpakiaji wa mizigo.

"Mbena huyu asinifie hapa," akasema. "Sina jembe la kumzikia."

"Mngoni gani hana jembe?" bibi akajibu, meno yakigongana.

Akambeba mgongoni hadi zahanati, wakitukanana njia nzima, mpaka dresa akawaomba wanyamaze apate kumsikiliza kifua. Kila asubuhi yule Mngoni alileta uji na tusi jipya. Bibi alipona huku anacheka.

Kwa hiyo kata hiyo bima, mume wangu, wala usiwafiche watu wa bima presha yangu. Ila ukiongea nao, waulize kama wana Mngoni.

Mkeo wa Mahongole