Unyayo wa Vidole Vitatu

Jumatatu, 24 Julai 1950. Nachingwea

Filamu mbili zimekauka. Picha kumi na sita, zinazofaa tatu. Ya kwanza: matrekta mawili yanavuta mnyororo, miti inalala, pori linageuzwa shamba la karanga. Hiyo ni ya gazeti. Vilima vya Ruangwa asubuhi na matita ya ufuta yaliyosimamishwa yakauke ni zangu. Gazeti halitaki vilima.

Chumba cha giza ni stoo ya mwenye duka la nguo. Joto. Dawa inachoma vidole. Miaka ishirini ya kazi, na bado naandika habari za mashamba niliyoonyeshwa kwa kidole kutoka kwenye gari.

Nimechoka. Nimeomba siku tatu. Kesho Matambarale.

Jumatano, 26 Julai. Matambarale

Nilifika jana alasiri kwa lori la chumvi. Nimefikia kwa Mzee Issa, kama siku zote. Mkulima, mlina asali, anajua pori kuliko watu wote ninaowafahamu. Yeye Mmwera, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani na salamu zetu hazina adabu. Jana alinipokea hivi: "Babu zako walikuja na mikuki wakachukua mbuzi. Wewe umekuja na kisanduku cha picha. Mbuzi nimeshawafungia."

Jua lilipokaribia kuzama, simba alimuua Somoe, mke wa Abdallah, aliyekuwa shambani anakung'uta ufuta. Ni mtu wa pili mwezi huu.

Leo asubuhi Mzee Issa alinionyesha unyayo kwenye mchanga ukingoni mwa shamba. Vidole vitatu badala ya vinne. Cha pembeni hakipo. Nililaza saa yangu ya mkono kando yake ili ukubwa uonekane, nikapiga. Picha moja tu, ndiyo iliyokuwa imebaki. Saa moja na dakika kumi, mwanga mzuri wa ubavuni. Baadaye waombolezaji walipita, unyayo ukafutika. Tuliouona ni wawili.

Maziko yalikuwa baada ya alasiri. Abdallah hakulia. Alishika jembe mpaka mwisho, hakukubali kupokewa.

Ijumaa, 28 Julai. Nachingwea

Nimesafisha picha ya unyayo. Kali, kila chembe ya mchanga inaonekana. Huenda ndiyo bora niliyopata mwaka huu. Nimeona haya kidogo kuifurahia.

Nimempa dereva nakala ampelekee jumbe wa Matambarale. Rashidi, askari wa Bwana Nyama, ofisa wa serikali wa wanyama wa porini, anakwenda kumwinda simba huyo. Ni vizuri ajue anamtafuta yupi.

Jumatatu, 31 Julai. Matambarale

Mambo yameharibika, na mwanzo wake ni picha yangu.

Jumbe aliionyesha barazani. Abdallah aliitazama sana, kisha akasema pengo liko kushoto, mwishoni. Mzee Issa hana kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Shoka lilimkata zamani akipasua mzinga. Watu wakaanza kusema: simba si wa porini, simba ni wa mtu, wa uchawi. Jana ghala la Mzee Issa lilichomwa moto.

Nimemkuta amekaa kibarazani, miguu ameifunika kwa shuka. Akaniambia pengo halikuwa kushoto. Lilikuwa upande wa pili. "Ulikuwa umeinama karibu yangu, mtani. Uliliona."

Sikumbuki. Niliangalia mwanga.

Jumbe aliniita, akaniuliza mbele ya watu kama picha inaweza kukosea. Nikasema haikosei, macho ya mtu ndiyo husahau. Nimewahi kusema hivyo mara nyingi, hata mahakamani. Mzee Issa alikuwepo.

Jumbe amempa mpaka Ijumaa aondoke. Si kwa chuki. Anasema hana askari wa kumlinda, na Abdallah ana ndugu wengi.

Jumatano, 2 Agosti. Nachingwea

Nimekosea mimi.

Leo nilikaa kuandika nyuma ya picha, kama kawaida: mahali, siku, saa. Nikafungua shajara hii. Saa moja na dakika kumi. Nikatazama saa iliyo pichani. Inasema saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Alfajiri wakati huo ni giza. Jioni nilikuwa maziko.

Saa yangu haina namba, ina vistari tu, ndiyo maana sikushtuka. Nikaivua, nikaishika mbele ya kioo cha kunyolea, mishale nimeipanga kwenye saa moja na dakika kumi. Kioo kikaonyesha saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Filamu niliilaza kifudifudi nilipokuwa nasafisha. Kulia kukawa kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mzee Issa alisema kweli, na mimi nikamkanusha mbele ya kijiji chake.

Nimesafisha upya. Pengo liko kulia.

Alhamisi, 3 Agosti. Nachingwea

Hakuna lori. Nimekaa njiani tangu asubuhi hadi magharibi. Vumbi.

Ijumaa, 4 Agosti. Matambarale

Nimefika baada ya sala ya Ijumaa. Mzee Issa ameondoka alfajiri, amekwenda kwa dada yake, Narung'ombe. Kwa miguu, na mzinga mmoja kichwani.

Watu walikuwa bado wako nje ya msikiti. Mgeni asingethubutu kuwasimamisha. Mtani anaweza. Nikaweka chini picha mbili, filamu, na saa yangu. Nikawaonyesha, mmoja mmoja, filamu ikitazamwa huku na ikitazamwa kule. Nikasema niliyeharibu ni mimi, na Mzee Issa aliwaambia kweli tangu mwanzo.

Mzee mmoja akasema, "Wangoni waliiba mbuzi. Sasa wanaiba hata upande wa mguu." Wakacheka. Niliwaacha wacheke. Kicheko kilikuwa na kazi.

Abdallah hakucheka. Alichukua picha ya pili, akaishika muda mrefu, akairudisha. "Mchawi hashindwi na upande," akasema, akaondoka. Jumbe akasema kwake yeye neno limekwisha, Issa arudi. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Sikuwahesabu.

Jumatano, 9 Agosti. Ruangwa

Rashidi amempiga simba risasi jana, karibu na kijito. Dume, mzee, meno yameisha. Mguu umeletwa hapa, nimeutazama mwenyewe. Pengo ni upande ule ule wa picha ya pili.

Sokoni wanasema tungoje. Simba wa mtu akifa, mwenyewe naye hufa. Kwa hiyo wanangoja habari kutoka Narung'ombe.

Jumapili, 13 Agosti. Narung'ombe

Mzee Issa mzima. Alikuwa anatundika mzinga kwenye mti wa dada yake. Nimempa salamu za jumbe. Nimemwomba radhi, bila utani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi umeigeuza," akasema. "Na watu wangu nao utawageuza?"

Hatarudi. Shamba la Matambarale atamwachia mpwa wake.

Tulikula muhogo na asali. Kisha akaniuliza kama kisanduku kina filamu. Akaenda kwenye mchanga laini nyuma ya nyumba, akakanyaga kwa miguu yote miwili, akajitoa pembeni taratibu. Nyayo mbili. Vidole tisa.

"Piga. Na andika saa."

Nililaza saa kando ya nyayo, nikapiga. Akainama kutazama mishale, akanitazama nikiandika.

Saa tatu na dakika ishirini, asubuhi. Pengo kushoto.