Neno Nililokataa Kulibadilisha

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Chang'ombe tu wazima, babu yako anakusalimu. Umeniuliza utayakumbukaje maneno ya Kiingereza ya kueleza grafu inavyopanda na kushuka. Mie moja nilijifunzia kiwandani, nikiwa karani. Wafanyakazi waliozimia kwa mvuke wa rangi waliongezeka kutoka wawili hadi kumi na tisa kwa mwezi. Meneja akaniamuru kwenye ripoti nichape "slightly", yaani wameongezeka kidogo tu. Nikachapa "sharply", kwamba wameongezeka mno, tena ghafla.

"Nani kakutuma?" akafoka, akaichana ripoti.

"Nimewabeba kwa mikono yangu, bosi."

Nikaichapa upya vilevile, nikaipeleka mwenyewe makao makuu. Nilifukuzwa wiki hiyohiyo. Baadaye kiwanda kikawekewa feni za kutolea mvuke. Kazini sikurudishwa, na radhi sikuomba.

Bibi yako anayekupenda