Greda Lililovuta Ubani

Shemeji yangu Faki,

Kabla sijakuuliza hali, nikwambie hili: wote wanaisimulia vibaya. Wote, yakhe, hakuna hata mmoja anayepatia. Watu wa Wesha wanasema greda lako lilitembea peke yake mpaka ufukweni likanywa maji ya chumvi. Wa Wambaa wanasema ulikuwa ukilichinjia kuku mweusi kila Ijumaa, na ukiwauliza kuku wa nani, wanasema wangu. Kuku wangu mie, ambao hata kunguru anaona haya kuwaiba kwa wembamba! Juzi kuna kijana kanisimulia mie mwenyewe kisa hichohicho, na ndani yake mna mzee mmoja mwoga aliyekimbia akaacha kandambili zake. Nkamuuliza, huyo mzee nani? Kasema, "Wanasema shemejiye Faki." Hapo nkaona imetosha.

Anayeijua ni mie. Nilikuwapo tangu siku ya kwanza na bendera yangu nyekundu mkononi, na katika barabara ile ya Pujini haikupita gari bila ya idhini yangu. Alikuja mkubwa mmoja na gari lake la vioo vyeusi, nkamnyooshea mkono, akasimama kama mtoto wa chuo cha Kurani. Basi naisema hapa, hata wanaofungua barua za watu wasome, na sababu ni moja tu: nataka urudi. Riziki ni dada yangu, na mpaka leo ni mke wako. Huko Tanga unatengeneza magari ya watu, na kwako mlango wa uani umeng'oka bawaba.

Unakumbuka liliposhushwa pale bandarini Wesha? Limanjano, refu, shingo kama ya mnyama anayenusa njia. Nkalizunguka natafuta tangi. Nimeona malori mengi mie, kila lori tangi lake linaning'inia ubavuni kama mkoba wa bibi. Lile halina. Nkakwambia, "Shemeji, mmeletewa greda lisilo tumbo. Litakunywa wapi?"

Ukacheka, ukaokota jiwe, ukagonga ule mfupa wake mrefu unaotoka nyuma mpaka mbele. Nyuma ukalia zito. Katikati ukalia kavu. Mbele ukalia sauti nyengine kabisa.

"Huku nyuma dizeli," ulisema. "Hapa katikati kiambaza, ukuta wa chuma wa kuzitenga. Huku mbele oili ya haidroliki, ndiyo inayonyanyua kisu. Hawakuliwekea tangi. Chasisi yenyewe ndiyo tangi."

"Yaani mifupa imejaa maji?"

"Mfupa sharti uwe mnene usije ukapinda. Na ukiwa mnene sharti uwe mtupu ndani, ama sivyo uzito wake hata meli haiuwezi. Sasa uwazi wote ule uachwe bure? Wakatia mafuta. Na jiwe la njiani halina tangi la kupasua."

"Kumbe kama weye," nkasema. "Unamaliza sinia zima la dada yangu na tumbo halionekani. Unaweka mifupani."

Ukanirushia lile jiwe. Likanikosa, maana mie mwepesi.

Nilicheka, lakini neno lile halikunitoka. Mashine nyengine ukiizima inakuwa bati. Lile ukilizima lilibaki na joto. Umeshakwenda zako kutawadha, mie naliegemea nimsubiri mtu wa chai, na mgongo wangu unalisikia vuguvugu, vuguvugu la mtu mwenye homa. Siku za mvua mbuzi wa watu walikuja kulilalia ubavuni, wamejipanga, kimya, kama watoto wanaonyonya. Mie nikiwafukuza wananitazama mie, halafu wanalitazama lile, kama wanaomba ruhusa kwake.

Na lilipumua. Hili usikatae, ulilisikia kabla yangu. Ulinionyesha kile kifuniko cha juu chenye tundu dogo, ukanieleza kwamba oili ikipata moto inavimba, inasukuma hewa nje, na ikipoa inarudi chini, inavuta hewa ndani. Nilifahamu, sikusoma lakini si mjinga. Ila kufahamu ni mbali na kusikia ni mbali. Mikarafuu imetulia, hata jani halitikisiki, na nyuma ya sikio lako chuma kinasema *hhhhh*, taratibu, kisha kinakaa, kisha tena. Na ndani mle kitu kinajisogeza, chubwi, kutoka upande huu kwenda upande ule, na greda limesimama pahala tambarare.

"Oili inatulia," uliniambia.

"Itatulia lini?"

Ukachukua spana, Faki. Ulikwenda kukaza nati ambayo ulikuwa umeshaikaza.

Halafu oili ikaanza kupungua. Asubuhi unachomoa stiki ya kupimia, kavu. Tunatia ndoo, mie nashika ndoo weye unashika mpira, stiki inaonyesha imejaa. Kesho yake kavu. Ukalala chini kwa mgongo ukapapasa kila mpira, kila nati, kila kiungo. Hapana hata unyevu. Udongo wa chini mkavu, mwekundu, safi. Msimamizi akasema labda unaikaangia samaki. Wengine walicheka. Weye hukucheka, ulirudi chini ya greda.

Ndipo ulipofanya lile jambo la akili kuliko yote, na ndilo lililokuponza. Ulikwenda mjini Chake ukanunua bafta. Ulitaka kitambaa cheupe kisichoficha tone, ukitandike chini ya greda jioni, asubuhi uone linavujia wapi. Akili kubwa hiyo. Lakini yakhe, bafta, nguo ya sanda! Mwenye duka kakuuliza kwa adabu, "Pole bwana, nani kafa?" Na weye, kwa hasira zako, ukamjibu, "Greda."

Kabla hujafika Pujini maneno yalishafika. Na asubuhi ile tulipokiinua kitambaa, nusu ya mji ilikuwa imekuja kutazama, wanajifanya wanapita. Kilikuwa cheupe vilevile ulivyokinunua. Ukachomoa stiki mbele yao. Kavu. Bibi mmoja kasema, si kwa sauti kubwa, "Kalivisha sanda, nalo halijafa." Mie nkakikunja kile kitambaa upesi.

Ami Kombo alikuja alasiri ya siku ya pili. Unamjua ami yangu, mtu mzima wa heshima, hana ubaya, lakini akishika lake kalishika. Kaja na chetezo kimejaa makaa mekundu, na ubani umefungwa kwenye pindo la shuka yake, na watu nyuma yake. Akasimama ubavuni pa greda, akaliegemea, akasema, "Faki, mwanangu, fungua kinywa chake. Tumfukize aliyemo atoke kwa wema."

Ukamwambia, "Ami, shikamoo. Hapo usisogeze moto, tafadhali."

"Kwa nini? Anaogopa?"

"Dizeli, Ami. Imo humo."

"Dizeli imo kwenye tangi. Mie nataka kinywa, sitaki tangi."

"Hilo ndilo tangi, Ami. Ulipoegemea hapo ndipo tangi lenyewe. Lote hili tangi."

Ami Kombo kautoa mkono kama kaunguzwa. Mie, mdomo wangu huu, nkasema, "Ami, umemwegemea bi harusi wa watu." Wakacheka, na kicheko kile kingeweza kuyamaliza yale yote. Wallahi, kingeyamaliza. Lakini Ami alikuwa keshafungua pindo la shuka, kucheka kule kukamgutusha, ubani wote ukamwagika kwenye makaa, moshi ukapanda mweupe mnene mpaka kwenye kile kifuniko cha juu.

Hapa ndipo wote wanapodanganya. Wanasema greda lilipiga kelele. Halikupiga kelele. Wanasema taa zake ziliwaka. Haikuwaka hata moja. Lililofanya ni hili, na nililiona mie, hatua mbili tu mbele yangu: moshi ulikuwa unapanda, kisha ukapinda. Ukawa kamba nyembamba, ukaingia kwenye lile tundu, ukaingia, ukaingia, bila ya kurudi. Likauvuta ubani wote kama mzee anayevuta buruma, kile kiko cha maji. Na watu wazima wale wote wakarudi nyuma. Unasikia makaa tu yanavyolialia.

Ukapiga kelele weye. "Linapoa! Oili inapoa, inavuta hewa! Ondoeni moto!" Nani anakusikia? Ukaruka juu, ukaliziba tundu kwa kiganja chako. Uliogopa cheche zisivutwe zikaingia. Ulituokoa sote, maana upande wa pili wa kiambaza ndiko iliko dizeli. Lakini wao walimwona mtu anaziba mdomo wa kitu chake kisifukizwe, kisiguswe. Ami Kombo kakutazama pale juu, na mkono wako juu ya tundu, akasema kwa huzuni, "Kumbe unamkinga."

Basi. Mtu akishaambiwa Pemba hii kwamba anafuga jini, kaambiwa. Yaliyobaki unayajua kuliko mie. Msikitini safu ikawa inakuwa na nafasi pale unaposimama. Kisima cha nyumbani kwako wakaacha kukiendea. Harusi zikapita, hapana aliyemwita Riziki kupika, Riziki ambaye pilau lake lilikuwa likiitwa kabla ya bwana harusi. Halafu Ami akaja kwako na kunitaka mie nifuatane naye, na akakuomba umpe dada yangu talaka yake, kwa salama. Riziki alikuwa nyuma ya pazia. Kasema, "Ami, nitakupikia chai, lakini hilo sitakupa." Na weye uliona afadhali uondoke, wamsahau yeye. Siku ya safari alikufungia mkate wa mofa, nawe huna hata jicho la kumtazama. Mie nilibeba begi lako nkasema utani mwingi sana njia nzima. Ulikuwa utani mbaya. Sikuwa na mwengine.

Hawakumsahau, shemeji. Watu hawasahau kwa sababu mtu kaondoka. Wanasahau wakipewa kisa chengine.

Basi sikiliza nilivyofanya mie, mwanamume wa pekee katika kisiwa hiki. Greda lilikaa pale barabarani baada yako, hakuna dereva aliyelipanda. Likaota majani magurudumuni. Mwaka huu wakalikokota mpaka Wesha likatwe, liuzwe chuma chakavu. Nilipopata habari nilikwenda. Wakataji wameshika moto wao wa gesi, tayari. Nkawanyooshea mkono, wakasimama, mkono huu haujapoteza nguvu. Nkawaambia, "Mnalikata bila ya kulijaza maji? Mnajua tangi liko wapi?" Wakaanza kutazama ubavuni. Nkaokota jiwe. Nkaligonga nyuma, katikati, mbele, kama nimelizaa mie. Wakajaza maji upande wa dizeli. Upande wa oili wakafungua nati ya chini waisubiri itoke. Halafu wakakata, na mie nkatia kichwa na tochi mpaka mabegani, kutazama kiambaza cha katikati.

Siku ileile nilikwenda barazani kwa Ami Kombo, watu wamejaa. Nkamwambia: kiambaza kina ufa. Mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja, pale chuma kilipochomelewa. Oili ilikuwa ikipita usiku kwa usiku kwenda kwenye dizeli, mfupa kwa mfupa, ndani kwa ndani, ikichomwa pamoja nayo. Ingedondokea wapi kwenye bafta? Haikutoka nje hata siku moja. Faki hakufuga kitu. Faki alikuwa dereva wa mashine mbovu.

"Umeuona kwa macho yako?" Ami kaniuliza.

"Kwa yote mawili, Ami, ingawa zima ni moja."

Kajipangusa uso kwa shuka. Kisha akainuka, hakuaga, akenda moja kwa moja kwa Riziki. Kamkuta anapalia muhogo. Kamwambia, "Mwanangu, nina njaa." Riziki kampakulia, na Ami Kombo kala pale uani, mbele ya macho ya kila mpita njia, na alipomaliza kaomba maji ya kisima kile. Kanywa kata nzima. Kesho yake wanawake walikuja na ndoo. Wiki ile ile wakamwita harusini, na Riziki kaniambia, "Kaka, mwandikie mwanamume huyu, asije akakaa huko akadhani bado anasemwa."

Basi ndiyo haya nimekuandikia. Panda boti, njoo. Ami anasema atakupokea yeye mwenyewe, na safu itakuwa haina nafasi. Utakapofika watu watakuuliza habari za ule ufa, nawe utawaambia ndiyo, uliushuku tangu mwanzo. Sema hivyohivyo, usiongeze wala usipunguze.

Maana ufa haukuwapo, Faki. Nilikipapasa kiambaza kizima kwa vidole vyangu, kona kwa kona, laini kama sahani. Na upande ule wa oili, ambao mie na weye tuliutia ndoo juu ya ndoo, ilipofunguliwa nati halikutoka tone. Ndani mlikuwa mkavu, mweupe, hamna hata harufu, kama chuma ambacho hakijapata kuona mafuta tangu kiumbwe. Ilikwenda wapi mie sijui, na vipande vyake vimeshapakiwa melini, nashukuru. Wanaosoma barua isiyokuwa yao wananijua mie muongo, na hili la mwisho hawataliamini. Nisamehe au usinisamehe, lakini ule ufa nimeutunga mie. Mengine yote kweli.

Ni mie shemeji yako,
kaka wa Riziki